Mstari wa Ishirini na Saba

Tarehe 14 Machi 2013, saa nne na dakika ishirini asubuhi, karani wa chumba cha maiti cha hospitali ya wilaya alikabidhi daftari moja la jalada gumu la kijani, kurasa mia mbili, kwa wachunguzi wa mahakama maalumu ya kimataifa. Stakabadhi aliyopewa ina namba, muhuri na saini tatu. Kwenye nafasi iliyoandikwa "Hali ya kielelezo", mmoja wa wachunguzi alijaza kwa mkono wake: "Kizima. Hakina dosari."

Miaka minane na miezi minane baadaye, majaji wa mahakama hiyo hiyo waliandika kwamba daftari lilichezewa.

Karani huyo ni mwanamke. Sasa ana miaka sitini na mmoja na amestaafu. Mtaani wanamwita Mama Daftari, jina alilobandikwa na wauguzi zamani likamganda hadi wasoma mita za maji wanauliza nyumbani kwa Mama Daftari ni wapi. Si mtu wa kupiga chuku. Ukimwuliza mvua ilinyesha lini, atakuuliza kwanza: unataka ilipoanza au ilipoisha? Mpwa wake, binti wa kaka yake, mwenye duka la steshenari kona ya hospitali, husema shangazi yake ndiye mtu pekee anayeomba samahani kwa kuchelewa dakika mbili kwenye msiba.

Alianza kazi mwaka 1985, akafundishwa na karani aliyemtangulia, mtu mrefu aliyekuwa akivaa sweta hata jua likiwa la utosini. Somo la kwanza alilopewa lilikuwa kisa. Miaka michache kabla, maiti ya ajali ya barabarani ililetwa ikiwa na kitambulisho mfukoni. Karani akanakili jina la kwenye kitambulisho kwa wino. Familia ya mwenye jina ikapelekewa habari, ikalia siku tatu. Siku ya nne mlango wa ofisi uligongwa, akaingia mwanamume mzima wa afya, shemeji yake nyuma.

"Mimi ndiye marehemu," akasema. "Nimekuja kulalamika."

Kitambulisho kilikuwa kimeibwa. Kumfufua marehemu yule kulihitaji barua tano, mihuri miwili na miezi saba, na kwa muda wote huo mkuu wa shule alikofundisha alimzuia kuingia darasani kwa kuwa kisheria maiti haifundishi. Tangu hapo ofisi ile ikawa na utaratibu wake. Jina linalosemwa na waliomleta mtu, au lililokutwa kwenye karatasi mfukoni mwake, linaandikwa kwa penseli. Ndugu akija, akafunuliwa shuka, akasema huyu ni wangu, ndipo karani anafuta penseli mbele ya macho yake, anaandika jina la kweli kwa wino, na ndugu anatia saini au dole gumba pembeni. Wasiotambuliwa na mtu hubaki na penseli yao. Kila Ijumaa muuguzi mkuu alikagua daftari na kuweka alama ya vema chini ya ukurasa.

Utaratibu huo haukuandikwa popote. Haukuhitaji kuandikwa, kwa sababu ofisi ilikuwa na meza moja na karani mmoja. Mama Daftari aliufuata miaka thelathini na minne bila kuuvunja.

Mwezi Oktoba 2012 watu wenye bunduki wa Kamanda, kama anavyoitwa mpaka leo na wanaomwogopa na wanaomcheka, waliingia stendi kuu ya mabasi. Kilichotokea stendi ndicho kilichokuja kubishaniwa mahakamani. Kamanda alisema watu walikanyagana wenyewe kwa hofu, wakafa kama kumi na wawili. Daftari la kijani lilikuwa na watu arobaini na watatu katika siku tatu, na safu yake ya tano, ya mavazi na alama za mwilini, ilikuwa na neno moja lililojirudia mstari baada ya mstari: mgongoni. Tundu la risasi, mgongoni. Matundu mawili, mgongoni, chini ya bega la kulia. Watu waliokanyagwa hawana matundu. Mama Daftari aliyaandika yote kwa mkono wake, akihesabu matundu kwa sauti ili mhudumu aliyegeuza miili ahakikishe, na kalamu ilipokauka aliazima ya muuguzi akaendelea.

Kati ya wale arobaini na watatu, thelathini na mmoja walitambuliwa na ndugu zao. Penseli thelathini na moja zilifutwa.

Wachunguzi walipokuja walikuwa wawili na mkalimani. Walikaa dakika arobaini. Waliuliza daftari hutunzwa wapi, ufunguo anao nani, alianza kazi lini. Mama Daftari alipoona wanafunga begi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Kuna jambo la penseli," akasema. "Lazima mlielewe, maana msipolielewa kurasa zile zitawachanganya."

"Tutalirudia hilo," mchunguzi mmoja akajibu kupitia kwa mkalimani, akampa mkono. Mashine ya fotokopi ya hospitali ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakubakiwa na nakala. Waliahidi kumletea ndani ya siku thelathini.

Hawakurudi. Nakala haikuja. Aliandika barua mbili kuikumbushia, akajibiwa moja, nayo ilisema barua yake imepokelewa.

Kesi ya Kamanda ilipoanza, mahakama ilifunga skrini kubwa kwenye ukumbi wa jamii ili wananchi wafuatilie. Ukutani pembeni ya skrini pakatundikwa bango: Haki Inayoonekana. Matangazo yalikuja yamecheleweshwa nusu saa, ili likitajwa jina lisilotakiwa kusikika likatwe. Watu hawakulalamika. Walijaa, wakakaa hata sakafuni.

Wiki ya tisa ikafika zamu ya daftari. Mama Daftari alivaa gauni lake la bluu la kustaafia, akakaa safu ya tatu, mkoba mapajani. Jaji akasema maneno machache, kisha skrini ikageuka: nembo ya mahakama, mizani na matawi mawili, bila sauti. Chini pameandikwa, "Kikao cha faragha kwa ajili ya usalama wa shahidi."

Nembo ilikaa saa mbili na nusu. Kesho yake ikakaa saa tatu.

"Leo nembo imeigiza vizuri kuliko jana," mtu mmoja akasema nyuma, ukumbi ukavunjika mbavu.

Mama Daftari hakucheka. Kule ndani, kwa saa tano na nusu, watu walikuwa wakizungumza juu ya mwandiko wake, na yeye mwenye mwandiko alikuwa ametazamishwa picha ya mizani. Hakuwa ameitwa na mtu yeyote, si upande wa mashtaka wala wa utetezi. Aliwauliza wasimamizi wa ukumbi ni shahidi gani huyo anayelindwa. Wakamwambia hawaruhusiwi kujua.

Hukumu ilitoka Novemba 2021. Shitaka la mauaji ya stendi lilianguka, Kamanda akaachiwa, akarudi kwa ndege na kupokewa na magari kumi na manne. Mpwa alichapa dukani toleo la hukumu lililoruhusiwa kwa umma, kurasa mia mbili na kumi na mbili, na mashine ikamaliza wino kwa sababu nusu ya kurasa zilikuwa mistari minene myeusi.

"Shangazi, kaa kwanza," akasema.

"Nisome nikiwa nimekaa ili iweje? Lete."

Ilikuwa aya ya 388. Ilisema kwamba katika daftari lililotolewa na, kisha mstari mweusi, majina yamefutwa na kuandikwa upya mara nyingi. Kwamba katika mstari wa ishirini na saba jina la, mstari mweusi, lilifutwa na mahali pake pakaandikwa jina la, mstari mweusi. Kwamba mwenye jina lililofutwa yu hai na alifika mbele ya Mahakama. Kwamba sababu za ziada zimeelezwa katika kiambatisho cha siri. Kwamba, kwa hayo, daftari lote haliwezi kutegemewa.

Mama Daftari alisoma mara mbili. Kisha akavua miwani.

"Yamefutwa!" akasema. "Wamegundua kwamba yamefutwa! Miaka minane, wataalamu, ndege kwenda na kurudi, wamegundua penseli hufutika!"

"Shangazi, punguza sauti, wateja."

"Wateja nao wasikie. Nilimwambia yule bwana kuna jambo la penseli. Akanipa mkono!"

Hasira hiyo ingeweza kumtosha. Kilichomnyima raha ni mstari wa ishirini na saba. Hakuukumbuka. Mistari arobaini na mitatu, siku tatu, miaka tisa imepita, na daftari lenyewe liko kwenye kabati la watu nchi za mbali. Aliweza kusema kwa uhakika alifanya nini kwa kila mstari, kwa kuwa alifanya jambo lile lile. Lakini jina gani lilifutwa pale, na kwa nini, hakujua, na waliojua walikuwa wamelipaka wino mweusi.

Mtaani wakajua mstari huo ni wa nani. Kila familia ilipewa cheti chenye namba yake ya daftari, na ishirini na saba ilikuwa namba ya mtoto wa pekee wa fundi viatu.

Mama Daftari alikwenda mwenyewe kibandani kwa fundi, kwa kisingizio cha kiatu kilichoachia soli. Wamefahamiana tangu wote wawili wana meno ya utoto. Fundi alipokea kiatu, akakigeuza, hakumtazama usoni.

"Mama Daftari, nikuulize."

"Niulize, Fundi."

"Jina la mwanangu uliliweka juu ya jina la nani?"

"Sijui."

Nyundo ikasimama hewani. "Hujui?"

"Mstari huo siukumbuki. Nikikuambia naukumbuka nitakuwa nakudanganya."

"Wewe unayekumbuka mpaka mvua? Mwaka mzima unaweza kunihesabia jua na mawingu, mwanangu ndiye umemsahau?"

"Daftari wanalo wao. Nimewaomba ukurasa mmoja tu, Fundi. Mmoja."

"Watu wanasema mlijaza majina ya kubuni ili idadi ipande. Wanasema hata wangu huenda hakuwa pale. Mimi nilizika nini, basi? Eh? Nilizika daftari?"

Akamrudishia kiatu bila kukipiga hata msumari mmoja.

"Chukua kiatu chako, mama."

Alikichukua. Alirudi nyumbani amekishika mkononi kama samaki, na kwa miezi mitatu akawa anapita njia ya nyuma ya soko ili asipite kwenye kibanda kile. Hapo ndipo hukumu ilipomfikia mtu ambaye haikumtaja wala kumwita: aliambiwa mwongo mahali ambapo hakuwepo, kwa sababu asizoruhusiwa kuzisoma, na familia thelathini na moja zikaachwa ziamue zenyewe kama zilizika watu wao.

Februari 2022 mahakama ilimtuma afisa wa uhusiano kuja kuwafafanulia wananchi hukumu. Alikuwa kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, mpole wa kweli, na picha aliyoonyesha kwanza ukutani ilikuwa na neno moja: Uwazi. Alieleza kwa saa nzima. Maswali yaliporuhusiwa, Mama Daftari alisimama.

"Aya ya 388 inanihusu mimi," akasema. "Mimi ndiye karani wa daftari lile."

"Asante, mama. Kwa bahati mbaya siwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba yupo karani."

Ukumbi ukacheka.

"Huwezi kunithibitisha? Si hapa nimesimama?"

"Namaanisha kisheria, mama yangu."

"Kisheria sipo."

"Sijasema hupo. Nimesema siwezi kuthibitisha."

"Muulize na Kamanda yupo?" sauti ikatoka nyuma. "Maana mimi jana nimemwona anakunywa soda!"

Mama Daftari alingoja kelele zitulie. Alipozungumza hakupandisha sauti, na waliokuwa pale wanasema hapo ndipo walipojua amekasirika.

"Mwanangu, mmeficha sababu ili kumlinda shahidi. Sawa. Shahidi wa daftari ni nani kama si aliyeliandika? Na mimi hamkuniita hata siku moja. Mnanilinda na nani? Na hawa? Hawa nimekua nao. Aliyenitia hatarini ni huyo aliyeandika kwamba nimechezea daftari, halafu akaziba sababu zake kwa wino. Mtu akinituhumu sokoni namfuata namwambia, rudia. Hawa nitawafuata wapi?"

Kijana alikusanya karatasi zake.

"Nitawasilisha hoja yako," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa wahusika."

Barua ya wahusika ilifika baada ya wiki sita. Ilisema ombi la kupewa nakala ya ukurasa wa daftari limekataliwa kwa sababu mwombaji si mhusika katika shauri. Mpwa aliisoma kaunta pale dukani, akaikunja, akaikunjua.

"Kwa hiyo si mhusika, lakini umelindwa," akasema. "Shangazi, wewe ni mzimu wa aina gani?"

"Wa kudumu," Mama Daftari akajibu. "Funga duka, twende hospitali."

Alikuwa ameng'amua jambo lililokuwa wazi muda wote. Mahakama ilikuwa na daftari moja. Hospitali ilikuwa na mengine yote, ya kabla na ya baada, miaka thelathini na minne ya mwandiko wake, yakila vumbi stoo kando ya magodoro mabovu. Muuguzi mkuu wa sasa, aliyeanza kazi akiwa mwanafunzi chini yake, aliwapa ruhusa kwa maandishi, na ufunguo, na kitambaa cha kufutia pua. Walikaa stoo siku tatu. Ajali za mabasi, mafuriko, homa, wazee waliokutwa vyumbani peke yao: katika kila daftari, safu ya sita, ya majina, ilikuwa na makovu yale yale ya kifutio chini ya wino, na pembeni saini au dole. Mpwa alipiga picha kurasa mia moja na kumi. Chini ya kila ukurasa palikuwa na alama ya vema ya Ijumaa.

Ilimchukua Mama Daftari siku nyingine mbili kujipa moyo wa kupita njia ya kibandani. Alikwenda na daftari moja la mwaka 2009, akalitandaza juu ya meza ya fundi katikati ya soli na makopo ya gundi, bila salamu.

"Sikuja na kiatu," akasema. "Nipe dakika tano, kisha unifukuze."

Fundi hakumfukuza. Mama Daftari akamweleza habari ya penseli na wino tangu marehemu aliyekuja kulalamika. Fundi alisikiliza huku anapaka gundi, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Maneno yalipomwishia, Mama Daftari alitoa karatasi tupu, penseli, kifutio na kalamu, akafanya. Akaandika jina lake mwenyewe kwa penseli. Akalifuta kwa mikwaruzo mifupi ya kwenda upande mmoja. Akainama, akapuliza vichembe vya kifutio vitoke kwenye karatasi, na mkono ukafuata kupangusa.

Fundi aliweka brashi chini.

"Ulipuliza," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Ulifuta, ukapuliza hivyo hivyo, kichembe kikanirukia mkononi. Nilitaka kukikung'uta nikashindwa. Mkono ulikuwa unatetemeka, ndiyo maana nikatia dole, na kuandika najua. Ukaniuliza, jina hili ni la nani? Nikasema silo. Nikasema, koti si lake."

"Koti gani?"

"La jinzi. Aliazima. Asubuhi ile palikuwa na ubaridi, akachukua koti la rafiki yake kinyozi. Kitambulisho kilikuwa cha kinyozi."

Wakatazamana. Kinyozi alikuwa na kibanda chake mtaa wa tatu kutoka pale. Alikuwa hai siku zote hizo, ananyoa vichwa, na mwaka ule wa kesi alikuwa amesafiri ghafla wiki mbili, akisema amekwenda kumwona mama yake mdogo.

Walimkuta ana mteja nusu kichwa. Fundi hakungoja.

"Wewe, walikupeleka kule?"

Kinyozi alizima mashine. "Mzee wangu, nimeapishwa. Sitakiwi kusema niliyoyasema kule."

"Hatukuulizi uliyosema," Mama Daftari akadakia. "Tunakuuliza koti."

"Koti lipi?"

"Alilokufa nalo mwanangu," fundi akasema.

Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja. Mteja, povu shingoni, alisogea akampisha.

"Lilikuwa langu," akasema polepole. "Na kitambulisho kilikuwa ndani. Baadaye nilitafuta kingine." Akafikiri. "Waliniapisha nisiseme niliyoyasema kule. Koti ni la nani, hakuna aliyeniuliza kule. Kwa hiyo hilo nawaambieni, na nitamwambia yeyote."

"Hawakukuuliza?"

"Mama, usinitoe kwenye kiapo, lakini nikuulize mimi: mtu akikupandisha ndege saa kumi na moja, akakulaza hotelini siku nne, halafu akakuuliza kama uko hai na kama uliwahi kufa, utamjibu nini?"

"Nitamjibu niko hai."

"Basi," kinyozi akasema. "Basi hivyo."

Mteja aliyekuwa na povu shingoni akaanza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Fundi alikuwa ameshika fremu ya mlango. Kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo yote alimwita karani kwa namna aliyomwita zamani.

"Dada," akasema, "nisamehe kile kiatu."

"Kiatu niletee mwenyewe nyumbani," Mama Daftari akamjibu. "Na kiwe na misumari yake yote. Sasa twende, kuna watu thelathini wa kuwaona."

Kazi hiyo ilikwenda mwezi mmoja na nusu. Waliingia nyumba kwa nyumba, karani, fundi na mpwa mwenye kompyuta yake ya mapajani. Kila familia ilieleza jambo moja tu: nilifika siku gani, nilimtambua nani, nani alifuta na nani aliandika, nilitia saini au dole. Watatu walikuwa wamefariki, wakaeleza watoto wao waliokuwepo. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa alikumbuka hata kalamu iliyoazimwa kwa muuguzi, kwa sababu ilikuwa ya kijani na alishangaa mwanawe kuandikwa kwa kijani. Mama Daftari hakuruhusu mtu atie chumvi. Mjomba mmoja aliposema aliona majina yote yakifutwa, alimkatiza.

"Uliona moja. La kwako. Sema hilo moja."

"Si nakusaidia, mama?"

"Hivyo ndivyo utakavyoniangamiza. Sema moja."

Maelezo thelathini na moja, na ya kinyozi juu ya koti lake yakawa ya thelathini na mbili, yalitumwa pamoja na picha za madaftari kwa upande wa mashtaka, ambao ulikuwa umekata rufaa, na kwa msajili wa mahakama. Mashtaka walijibu kwa shukrani. Msajili alijibu kwa aya mbili: nyaraka zimepokelewa, na kwa usalama wa waliozitoa zimeingizwa kwenye kundi la nyaraka za siri. Hakuna kati ya watu wale thelathini na wawili aliyekuwa ameomba siri. Kila mmoja alikuwa ameandika jina lake kamili juu ya karatasi, na wengi waliomba herufi ziwe kubwa.

"Shangazi, wamekuficha hata wewe ulichokiandika jana," mpwa akasema.

Mama Daftari aliomba kalamu. Alijibu barua hiyo siku hiyo hiyo, kwa mkono, sentensi nne. Alisema hakuomba kufichwa. Alisema aliyefanya kazi yake hadharani miaka thelathini na minne, kila mstari ukishuhudiwa na mwenye maiti wake, hawezi kuhukumiwa chumbani na watu wasiotaka kuulizwa. Alisema kama majaji waliona kosa, walitaje mbele yake, naye atalijibu au atalikubali. Alisema nakala za maelezo yote ziko kwake, wazi, kwa yeyote anayetaka kusoma. Hakujibiwa.

Rufaa itasikilizwa Jumanne, tarehe 6 Juni 2023. Mahakama imetangaza kwamba sehemu inayohusu daftari itasikilizwa kwa faragha, na kwamba karani hataitwa. Siku hiyo, kuanzia saa tatu asubuhi, wenye maelezo thelathini na mawili watayasoma wenyewe, mmoja mmoja, kwenye uwanja wa stendi kuu. Fundi viatu atasoma wa kwanza.